‘Mahitaji’ si shida: Misingi ya uchumi kati ya Kitale na Bungoma

Neno ‘uchumi’ limetokana na kitenzi ‘chuma’. Tunachuma maembe, tunachuma majani ya chai, na mtu akifanikiwa tunasema amechuma mali. Wagiriki wa kale, ambao neno lao ndilo lililoingia katika Kiingereza, walianzia nyumbani: kwao taaluma hii ilikuwa utunzaji wa kaya. Sisi tumeanzia shambani. Ajabu ni kwamba kijana aliyezaliwa katika shamba la mahindi huko Kiminini huingia chuo kikuu, akasoma uchumi kwa miaka minne, kisha akirudi nyumbani anashindwa kumweleza mama yake kwa nini bei ya gunia iliporomoka Novemba iliyopita. Mifano aliyokaririshwa ni ya siagi na bunduki. Mama hana bunduki.

Nimefundisha Kiswahili chuoni kwa zaidi ya miaka thelathini, na swali moja limenifuata miaka yote hiyo: “Prof, kwani uchumi unaweza kufundishwa kwa Kiswahili?” Jibu langu ni kwamba unafundishwa kila siku ya soko, tena na watu wasio na shahada. Kinachokosekana ni istilahi zilizopimwa vizuri. Istilahi mbovu zina gharama. Serikali ikitangaza ‘bei ya chini’, ‘ruzuku’ au ‘mfumuko wa bei’, mkulima asiyeelewa maneno hayo huamua mambo ya mwaka mzima kwa kubahatisha.

Leo, mpenzi msomaji, nitapitia misingi ya taaluma hii kwa mahindi ya Kitale na miwa ya Bungoma. Njiani nitayakagua maneno tunayoyatumia.

Kuchagua ni kuacha

Msingi wa kwanza ni uhaba. Ardhi, pesa, muda na nguvu za mwili havitoshelezi kila tunachokitaka, kwa hivyo ni lazima tuchague, na kila tunapochagua tunaacha kitu. Thamani ya kile tulichokiacha ndiyo wanauchumi huita ‘gharama ya fursa’. Wengine huandika ‘gharama fursa’, kana kwamba Kiswahili hakina kihusishi. Mimi husema ‘gharama ya fursa iliyoachwa’. Ni ndefu, lakini mtu akiisikia mara moja anaelewa.

Chukua mkulima mwenye ekari moja karibu na kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma. Akipanda miwa, atasubiri takriban miezi 18 kabla ya kuvuna mara ya kwanza. Katika muda huo ekari ile ile ingempa misimu miwili au mitatu ya mahindi na maharagwe. Ukimuuliza miwa ilimgharimu kiasi gani, atakutajia mbegu, mbolea, trekta na vibarua. Hataji mahindi ambayo hakuyapanda. Hiyo ndiyo gharama iliyojificha, na aghalabu ndiyo kubwa kuliko zote. Malipo ya miwa yakichelewa mwaka mzima, kama ilivyowatokea wakulima wengi wa magharibi mwa Kenya, gharama hiyo huzidi kuongezeka ingawa hakuna risiti inayoionyesha.

Msingi wa pili ni kwamba uamuzi mwema hufanywa kwa kutazama nyongeza. Mkulima wa Kitale hajiulizi kama mbolea ni nzuri au mbaya. Hujiuliza mfuko mmoja zaidi utamletea magunia mangapi zaidi. Mfuko wa kwanza kwenye ekari iliyochoka huenda ukaongeza magunia mengi, wa pili ukaongeza machache, wa tatu ukaongeza debe tu. Nyongeza ya mavuno ikishuka chini ya bei ya mfuko, hapo ndipo pa kusimama, hata kama mbolea bado imejaa stoo. Vitabu huliita jambo hili ‘kanuni ya mapato yanayopungua’. Wazee wetu walilijua kitambo kwa kutazama mashamba yao.

Mahitaji si shida

Sasa tufike kwenye neno lililonipa kichwa cha makala haya. Tumezoea kusema ‘mahitaji na ugavi’. Neno ‘ugavi’ halina tatizo: ni kiasi ambacho wauzaji wako tayari kukileta sokoni kwa bei fulani. ‘Mahitaji’ ndilo neno lenye mtego. Katika Kiswahili cha kawaida mahitaji ni mambo ambayo mtu hawezi kuishi bila hayo: chakula, maji, mavazi. Katika uchumi mahitaji ni kiasi ambacho wanunuzi wanataka na wanaweza kukinunua kwa bei fulani. Mtu mwenye njaa asiye na senti mfukoni ana haja kubwa, lakini soko halimwoni. Hayumo katika hesabu.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Kiongozi akisema “mahitaji ya unga yamepungua nchini”, msikilizaji wa kawaida hudhani watu wameshiba. Huenda maana yake ni kwamba watu wamefilisika. Kwa hivyo mwalimu anayetumia neno hili anapaswa kuongeza maneno mawili pale mwanzoni: ‘mahitaji yenye pesa’. Wanafunzi wakishazoea, anaweza kulifupisha.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Bei ikipanda, wanunuzi hupunguza kiasi wanachonunua na wauzaji hutaka kuleta zaidi. Bei ikishuka, mambo hugeuka. Mahali pande mbili zinapokutana ndipo bei husimama kwa muda. Mwanauchumi Alfred Marshall wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1890, alizifananisha pande hizo na makali mawili ya mkasi. Huwezi kusema ni ukali upi uliokata karatasi.

Hebu tupeleke mkasi huo Bungoma. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi wa Agosti, Wabukusu hutahiri vijana wao. Wageni hujaa bomani, na wageni hawali maneno. Kuku wa kienyeji, mbuzi, fahali, wimbi na mahindi ya kutengenezea busaa hutafutwa kwa udi na uvumba. Ukienda soko la Chwele wakati huo utaambiwa bei ya jogoo ambayo ungeicheka mwezi wa Machi. Mama mwuzaji hana roho mbaya. Ukilalamika atakujibu, “Mwalimu, si mimi, ni msimu.” Katika maneno hayo machache kuna somo zima: kitu kilichobadilika si bei kwanza, ni mahitaji yenyewe, na bei imefuata.

Hapa kuna kosa ambalo hata wahariri hulifanya. Kuna tofauti kati ya ‘mahitaji yameongezeka’ na ‘kiasi kinachonunuliwa kimeongezeka’. Agosti ya tohara, watu wanataka kuku zaidi kwa kila bei: hayo ni mahitaji kuongezeka. Septemba, bei ikianguka na familia zikamudu kuku wa Jumapili, mahitaji hayajabadilika. Kilichoongezeka ni kiasi. Asiyetenganisha mambo haya mawili atakuambia kwamba bei ikishuka mahitaji hupanda, mahitaji yakipanda bei hupanda, kwa hivyo bei ikishuka hupanda. Nimeisoma hoja hiyo gazetini.

Kisha kuna suala la unyumbufu. Bidhaa hazitikiswi na bei kwa kiwango kimoja. Chumvi ikipanda bei mara mbili, sufuria bado itatiwa chumvi. Nyama ikipanda mara mbili, familia nyingi zitahamia omena au maharagwe. Unga wa ugali katika magharibi mwa Kenya uko karibu na chumvi kuliko nyama. Watu hupunguza vitu vingine vyote kabla ya kugusa sima. Ndiyo maana mahindi yakipungua kidogo tu sokoni, bei hupanda kwa kishindo. Na yakizidi kidogo tu, huanguka kwa kishindo. Mkulima wa Trans Nzoia anaishi juu ya mzani huo.

Bei iliyoandikwa ofisini

Bei ikiwaumiza watu, serikali huingilia. Huweza kuweka kikomo cha juu ili kumlinda mnunuzi, au kiwango cha chini ili kumlinda mwuzaji. Kenya imejaribu yote mawili kwa mahindi, tena mara nyingi. Kabla ya soko la mahindi kufunguliwa mwaka 1993, hata kusafirisha magunia kutoka wilaya moja hadi nyingine kulidhibitiwa, na vizuizi vya polisi vilikuwa sehemu ya bei ya unga.

Mwezi wa Mei 2017, pakiti ya unga ya kilo mbili iliuzwa kwa shilingi 90 kwa sababu ya ruzuku. Julai 2022, ilipokuwa imevuka shilingi 200, ilitangazwa kuwa shilingi 100. Mara zote mbili Wakenya wengi walifika dukani wakakuta rafu tupu. Kwa nini? Bei ya chini huwavuta wanunuzi wengi, na mwenye kinu asiyelipwa tofauti kwa wakati hupunguza kusaga. Pengo kati ya pande hizo mbili ndilo uhaba. Foleni, kujuana na kununua kwa mlango wa nyuma huchukua nafasi ya bei. Mwenye nguvu ya kusimama kwenye foleni hupata. Mama mgonjwa hakosi njaa tu, hukosa na nafasi.

Kikomo cha juu hakiwekwi kwa unga peke yake. Kuanzia Septemba 2016 sheria ilizizuia benki za Kenya kutoza riba ya mikopo inayozidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya pointi nne. Nia ilikuwa kumsaidia mkopaji mdogo. Benki zikaona kwamba kwa riba hiyo mkopaji mdogo hana faida ukilinganisha na hatari yake, zikawakopesha zaidi serikali na wateja wakubwa. Novemba 2019 sheria hiyo ikaondolewa.

Upande wa pili ni bei ya chini kwa mkulima. Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali ilitangaza kwamba Halmashauri ya Nafaka, ile tunayoiita ‘NCPB’, ingenunua gunia la kilo 90 kwa shilingi 2,300, ilhali msimu uliotangulia ilikuwa shilingi 3,200. Wakulima walipiga kelele hadi ikapandishwa kuwa 2,500. Mwaka 2023 ilitangazwa shilingi 4,000. Mkulima hufurahia, na ana haki. Lakini tuulize maswali matatu. Je, halmashauri ina pesa za kununua yote yatakayoletwa? Je, mkulima mdogo mwenye magunia manane ataweza kuyakausha hadi kiwango kinachotakiwa, ayasafirishe na asubiri malipo, au atamwuzia broka shambani kwa bei ya broka? Na je, wakulima wadogo wengi, ambao kwa mwaka mzima hununua mahindi zaidi ya wanayouza, wananufaika au wanaumia bei ikipandishwa? Kwamba mtu huitwa mkulima haimaanishi kwamba bei ya juu ni rafiki yake.

Neno ‘ruzuku’ lenyewe linastahili kutazamwa. Lina asili moja ya Kiarabu na ‘riziki’. Mungu humruzuku mja wake bila kumdai. Serikali haiwezi. Ruzuku yake hutoka kwa kodi ya leo au kwa deni la kesho. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulipopunguzwa hadi shilingi 3,500 mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka uliofuata, kuna mtu aliyelipa kilichobaki. Huenda ni uamuzi mzuri, kwa kuwa huongeza mavuno badala ya kuficha bei. Ila si riziki ya bure.

Soko linapokwama

Tumekuwa tukizungumza kana kwamba soko lina wauzaji wengi, wanunuzi wengi, na wote wanajua kila kitu. Anayeuza sukuma wiki Kitale yuko karibu na hali hiyo: akizidisha bei, jirani yake yupo hatua mbili. Mkulima wa miwa hayuko hivyo. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, wala hauwezi kuubeba mbali kwa gharama nafuu. Akiwa na kiwanda kimoja tu karibu, anakabiliwa na ukiritimba wa mnunuzi. Kiwanda cha Nzoia, kilichoanzishwa na serikali katika miaka ya 1970 na kukodishwa kwa mwekezaji wa kibinafsi mwaka 2025, kinawahusu watu wengi mno kwa sababu hiyo. Swali la maana kwa mkulima si kama mwenye kiwanda ni serikali au tajiri. Ni kama ana mnunuzi wa pili wa kumkimbilia.

Soko hukwama pia pale upande mmoja unapojua zaidi ya mwingine. Mwaka 2024 ilibainika kwamba mbolea isiyofikia viwango ilikuwa imeuzwa kwa wakulima wa Kenya. Mfuko ulifanana na mifuko mingine. Mnunuzi hawezi kuonja mbolea. Atajua miezi mitatu baadaye, mahindi yakiwa ya manjano. Hapo bei haina uwezo wa kutenganisha kizuri na kibaya, na kazi ya mkaguzi wa viwango si urasimu wa kupita.

Hatimaye kuna gharama zinazomwangukia asiyehusika. Mto Nzoia huanzia milima ya Cherangany na Elgon, ukapita Trans Nzoia na Bungoma, ukaingia Ziwa Victoria huko Budalang’i. Anayekata miti juu hupata mbao na shamba. Anayefurikiwa chini hakualikwa katika mapatano yale. Bei ya mbao haina senti ya Budalang’i ndani yake.

Kutoka mmojammoja hadi jumla

Vitabu huigawa taaluma hii sehemu mbili. Ile ya kwanza, inayohusu kaya, shamba na duka, wengi huiita ‘uchumi mdogo’. Silipendi jina hilo, maana linafanana na umaskini. Mimi huwaambia wanafunzi ‘uchumi wa mmojammoja’. Sehemu ya pili ni ‘uchumi wa jumla’, au ‘uchumi mpana’ kama wasemavyo Watanzania katika hotuba zao za bajeti. Inahusu nchi nzima: pato, ajira, bei zote kwa ujumla, riba na sarafu.

Mtu angedhani kwamba jumla ni mmojammoja aliyezidishwa mara milioni. Sivyo. Mkulima mmoja wa Kitale akipata mavuno maradufu, anatajirika. Trans Nzoia yote, Uasin Gishu yote na Bungoma yote zikipata mavuno maradufu mwaka huo huo, bei huanguka, na kwa kuwa unga hauna unyumbufu, mapato ya wote yanaweza kupungua. “Mahindi imejaa sana, bei imelala,” ndivyo wanavyosema sokoni. Ngeli zimevunjika, lakini uchumi wao ni sahihi. Ongeza malori ya mahindi kutoka Uganda yanayoingia kupitia Busia, Malaba na Suam, na utaelewa kwa nini mkulima wa hapa na mlaji wa Nairobi hawakuipokea kwa moyo mmoja marufuku ya Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye yaliruhusiwa tena kwa masharti.

Mfano wa pili uko Webuye. Kiwanda cha karatasi cha Panpaper kilifanya kazi hapo kuanzia miaka ya 1970 na kikafungwa mapema mwaka 2009. Waliopoteza mishahara ni wafanyakazi. Walioumia ni wengi zaidi. Tufanye hesabu ya kufikirika. Mfanyakazi anapoteza shilingi 1,000. Tuseme nusu ya pesa hizo alikuwa akizitumia mjini kwa kodi ya nyumba, nyama na kinyozi. Kwa hivyo mjini wanakosa 500. Wao nao walikuwa wakitumia nusu, basi wengine wanakosa 250, kisha 125, na kuendelea. Ukijumlisha yote, hasara ya 1,000 imekuwa 2,000. Hicho ndicho ‘kizidishi’. John Maynard Keynes, katika kitabu chake cha mwaka 1936, alikifanya kuwa nguzo ya hoja yake kwamba uchumi ukiporomoka hauinuki wenyewe upesi, maana kila anayebana matumizi anamnyima mwenzake kipato. Mwenye duka Webuye hakuhitaji kumsoma Keynes. Aliona kufuli langoni mwa kiwanda, akapunguza mkate anaoagiza.

Jumla ya thamani ya bidhaa na huduma zinazozalishwa nchini kwa mwaka huitwa pato la taifa. Lina mapengo yake. Mama anayelima, kusaga na kupikia watoto wake nyumbani huhesabiwa kwa sehemu ndogo sana, lakini akifungua kibanda awapikie watu wa boda boda sima ile ile, anaingia kwenye takwimu. Mwaka 2014 Kenya ilibadilisha mwaka wa msingi wa hesabu zake, na pato la mwaka 2013 likaongezeka kwa takriban asilimia 25 kwenye karatasi. Asubuhi yake hakuna aliyeamka na sahani kubwa zaidi.

Mshono unapofumuka

Kiingereza huona kupanda kwa bei kama mpira unaojazwa pumzi. Kiswahili huona mshono. Kitu kilichoshonwa kikiachia, tunasema kimefumuka. Naliona neno ‘mfumuko’ kuwa tamu, kwa sababu bei zikianza kupanda zote pamoja, kinachoachia ni uzi kati ya pesa na vitu. Unga ukipanda peke yake si mfumuko; ni unga kupanda. Mfumuko ni kiwango cha bei kwa ujumla kuendelea kupanda, na Shirika la Takwimu la Kenya hukipima kila mwezi kwa kapu la bidhaa. Mwaka 1993 ulifika wastani wa asilimia 46 hivi. Waliokuwa na mshahara wakati huo wanakumbuka. Lengo la sasa ni asilimia 5, ukizidi au kupungua kwa pointi mbili na nusu. Oktoba 2022 ulifika asilimia 9.6.

Tahadhari: mfumuko ukishuka kutoka 9 hadi 4, bei hazijashuka. Zinapanda polepole zaidi. Wanasiasa hupenda kulisahau hili.

Silaha kuu ya Benki Kuu ni riba. Februari 2024 iliipandisha riba yake hadi asilimia 13, baada ya dola kufika karibu shilingi 160 mwezi uliotangulia. Riba ikiwa juu, watu hukopa kidogo, hununua kidogo, na shilingi hupata wa kuishika. Shilingi ikaimarika hadi karibu 130, na kuanzia Agosti riba ikaanza kupunguzwa. Mkulima wa Kitale anahusikaje? Mbolea hununuliwa kwa dola, dizeli ya trekta hununuliwa kwa dola, na mkopo wake unatozwa riba. Mambo yote matatu yako shambani mwake hata kama hajawahi kufika Nairobi.

Novemba au Juni?

Tuweke haya yote katika uamuzi mmoja ambao maelfu hufanya kila mwaka. Mkulima ana magunia 10. Novemba gunia ni shilingi 3,000, na Januari karo ya 30,000 inangoja. Auze yote, au akope karo na asubiri hadi Juni? Nambari hizi ni za mfano tu.

Tuseme Juni gunia litakuwa 4,500. Mkopo wa chama kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, miezi saba, ni 3,150. Kukausha na kuhifadhi ni 2,000. Fukusi wanakula nusu gunia. Atauza magunia tisa na nusu apate 42,750. Akilipa mkopo, riba na hifadhi, atabaki na 7,600. Amefanya vyema kusubiri. Lakini mahindi ya nje yakiingia na bei ikawa 3,500 tu, atapata 33,250 na kubaki na deni la 1,900. Na kama alikopa kwa wale wanaotoza asilimia 10 kwa mwezi, riba pekee ni 21,000. Hata kwa bei ya 4,500 atapoteza 10,250.

Kwa hivyo anayeuza Novemba si mjinga, kama tunavyomsikia akisemwa redioni. Huenda amepiga hesabu vizuri kuliko mshauri wake: riba anayoweza kuipata ni kubwa, ghala hana, na bei ya Juni haijui. Ukitaka asubiri, mbadilishie masharti. Watanzania wana neno zuri kwa njia mojawapo: ‘stakabadhi ghalani’. Mkulima huweka mazao katika ghala lililosajiliwa, hupewa stakabadhi, na anaweza kukopea stakabadhi hiyo. Kenya ilipitisha sheria ya mfumo huu mwaka 2019. Ghala likiwa karibu, likiaminika, na benki ikaikubali stakabadhi, hesabu ya hapo juu hubadilika bila mtu yeyote kuamrishwa bei.

Nimalizie na neno ‘rasilimali’. Asili yake ni Kiarabu, maana yake ya neno kwa neno ni ‘kichwa cha mali’, yaani mtaji. Leo tunaliita hivyo kila kitu tulicho nacho: maji, misitu, watu. Maana imepanuka na hatuwezi kuirudisha nyuma, lakini mwalimu wa uchumi hana budi kusema ni maana ipi anayoitumia, hasa anapowaandikia watu wa mkopo na watu wa shamba katika sentensi moja.

Wiki ijayo nitalitazama neno ‘kodi’ na nduguze: ushuru, ada na tozo. Bajeti inakaribia, na maneno hayo manne si kitu kimoja mfukoni.